Ametoka Chuoni na Shahada ya Kompyuta: Sasa Aelekee Wapi?

Wasomaji wetu wa pwani wamezoea kupata kutoka kwetu makala za malezi na za fiqhi ya nyumbani. Juma hili tunaomba ruhusa tuzungumzie kazi na masomo, kwa sababu jambo hili limetufikia mlangoni hapa Isiolo tunakosomesha, na hatuna shaka kwamba limekwisha kuwafikia wengi wenu Lamu, Malindi, Mombasa na Kwale.

Tulikuwa tunatoka msikitini baada ya ishaa tulipomkuta mzee mmoja, mfanyabiashara wa mifugo, akitungoja penye viatu. Mkononi alishika mfuko wa nailoni, na ndani yake mlikuwa na cheti cha mwanawe cha shahada ya sayansi ya kompyuta. Alitukabidhi kwa mikono miwili, kisha akasema: "Sheikh, karatasi hii imekula ng'ombe kumi na wawili kwa miaka minne. Nimebaki na wanane. Sasa naambiwa ina njaa tena. Niilishe, au nikomee hapo?"

Tulimkaribisha barazani, akatueleza. Kijana amekaa nyumbani miezi minane tangu ahitimu, na kila jamaa ametoa rai yake. Ami yake aliye Doha amesema apande ndege aende huko, kazi ataikuta mbele ya safari. Yupo wakala anayetaka malipo kwanza. Mwalimu mmoja amesema kwamba siku hizi shahada moja haitoshi, basi aanze uzamili mwaka huu huu. Mama yake anataka angoje nafasi katika serikali ya kaunti, apate kuwa karibu. Majirani nao humletea simu zilizokufa na televisheni zisizoonyesha, wakistaajabu kwamba mtu amesoma kompyuta miaka minne na hajui kutengeneza redio.

Hatukuwa na jibu. Sisi tumelelewa madrasani, na kompyuta tunaitumia kuandikia makala hizi tu. Tulimwomba mzee atupe wiki tatu, na ndani ya wiki hizo asiuze hata ndama. Kisha tukawauliza walimu wa vyuo, vijana walio kazini Nairobi na Mombasa, na wahitimu waliorudi hapa Isiolo. Haya ndiyo tuliyoyapata, na tunayaandika kwa ajili ya kila mzazi mwenye cheti ndani ya mfuko.

Alichokisoma ni nini hasa

Kwanza tulitaka kujua kijana amesoma nini. Tukaambiwa kwamba kiini cha elimu hii ni kupanga hatua: hatua chache, wazi, zenye mwisho, ambazo mashine ikizifuata hufikia jibu. Kwa lugha nyingi za Ulaya hatua hizo huitwa kwa neno lililotokana na jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Yeye ndiye aliyeandika, katika zama za Khalifa al-Ma'mun, kitabu ambacho jina la elimu ya aljebra limetokana nacho. Jambo lililotufurahisha ni kwamba sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu wasia na mirathi. Haja ya watu kugawana mali kwa haki ndiyo iliyokuwa mbele ya macho yake alipokuwa akipanga hesabu zake.

Tulipolisikia hilo, tulimwita kijana tukamwambia: "Mwanangu, sisi hesabu tunayoijua ni ya mirathi. Hebu tuandikie programu ya kugawa mirathi." Alidhani tunatania. Tukamweleza mafungu yote, nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi, na nani humzuia nani. Akaandika katika daftari lake, akaenda zake, na baada ya siku mbili akarudi na kompyuta.

Tukampa mas'ala ya kwanza: mtu amefariki, ameacha mke, mwana wa kiume mmoja na binti mmoja. Programu ikajibu papo hapo: mafungu 24, mke 3, kijana 14, binti 7. Ni sahihi.

Tukampa ya pili: mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja mama mmoja. Mume ana nusu, dada wana thuluthi mbili. Programu ikagawa mafungu 7 katika mali yenye mafungu 6, kisha ikagoma. Tukamfundisha kanuni ya aul, kwamba asili ya mas'ala hupandishwa kutoka 6 hadi 7, mume akapata 3 na kila dada akapata 2, upungufu ukawagusa wote kwa kadiri ya mafungu yao. Kijana alirekebisha jambo hilo kabla ya chai kupoa.

Ya tatu: mwanamke amefariki, ameacha mume, mama na baba. Programu ikatoa jibu bila kusita: mume 3, mama 2, baba 1, jumla 6. Hesabu imetimia, wala mashine haikulalamika. Lakini jibu hilo ni kosa. Katika mas'ala haya mama hupata thuluthi ya kile kinachobaki baada ya mume kuchukua haki yake, yaani fungu 1, na baba hupata 2.

Kijana alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Sheikh, hili nisingeligundua maisha." Nasi tukamwambia kwamba kosa la pili mashine ililifichua yenyewe kwa kuwa hesabu ilizidi, ama hili la tatu lingeendelea kuwadhulumu akina mama mpaka atokee mtu aijuaye mirathi. Mashine hufuata hatua ilizopewa. Ujuzi wa jambo lenyewe hutoka kwa binadamu.

Hapo ndipo tulipoifahamu shahada yake. Wasomaji wa pwani watatuelewa tukisema kwamba kijana amepewa jahazi jipya, zima, lenye tanga na usukani, lakini ngama yake ni tupu. Swali la mzee lilikuwa kama amnunulie mwanawe jahazi la pili. Sisi tuliona kwamba kinachokosekana ni shehena: elimu ya jambo fulani la watu, kama vile mifugo, afya, fedha, sheria au ualimu, ambalo kompyuta italitumikia. Kila njia tutakayoitaja hapa chini tumeipima kwa kipimo hicho.

Kazi zinazomngoja mhitimu

Njia iliyo maarufu zaidi ni kuandika programu: za simu, za tovuti, za maduka, hospitali na vyama vya akiba na mikopo. Kenya ina jina katika fani hii. Huduma ya M-Pesa ilianza Machi 2007, na tangu hapo biashara nyingi zimejengwa juu ya malipo ya simu, kila moja ikihitaji waandishi wa programu. Waajiri wa kazi hii hutazama vyeti, lakini hutazama zaidi kazi ambazo mtu amekwisha kuzitengeneza na anaweza kuzionyesha. Kijana asiye na kazi yoyote ya kuonyesha, hata ndogo, hukaa foleni moja na maelfu wenye cheti kama chake.

Njia ya pili ni ya mitandao na seva. Mwaka 2009 mikonga miwili ya baharini, SEACOM na TEAMS, ilitokea Mombasa, na kutoka huko nyaya za faiba zikapandishwa bara hadi makao ya kaunti. Intaneti anayoitumia mtoto wa Isiolo imepitia katika bahari ile ile mnayoitazama nyinyi kila jioni. Nyaya hizo zinataka watu wa kuzitunza, katika ofisi, shule, benki na hospitali. Katika njia hii cheti cha kitaaluma, kama CCNA ya Cisco, humfungulia mhitimu milango kwa gharama iliyo ndogo sana ikilinganishwa na uzamili, na matayarisho yake ni ya miezi, si miaka. Cheti hicho hudumu miaka 3, kisha sharti kihuishwe.

Njia ya tatu ni ya ulinzi wa mifumo na wa siri za watu. Kenya ilipitisha sheria ya makosa ya kompyuta na ya mitandao mwaka 2018, na Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na baadaye ikaundwa ofisi ya Kamishna wa Data. Shule inayohifadhi majina ya watoto na hospitali inayohifadhi maradhi ya watu zina wajibu mbele ya sheria. Sisi tunaona kwamba wajibu huo ulikuwapo hata kabla ya sheria, kwa kuwa siri ya mtu ni amana. Mhitimu aliyelelewa kuichukulia amana kwa uzito, na akajifunza ufundi wake, ana soko.

Njia ya nne ni ualimu. Anayetaka kusomesha shule za sekondari chini ya Tume ya Huduma za Walimu hana budi kuongeza stashahada ya uzamili ya ualimu na kutimiza masharti ya masomo mawili ya kufundishia. Vyuo vya ufundi navyo huhitaji walimu wa kompyuta. Tunaitaja njia hii kwa sababu vijana wengi huidharau, ilhali shule nyingi za kaskazini zina chumba cha kompyuta kilichofungwa kwa kukosa mtu wa kukifungua.

Njia ya tano ni kazi za mbali, ambazo mtu huzifanya akiwa nyumbani kwa malipo ya mteja aliye Nairobi au ng'ambo. Serikali ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016 kuwafunza vijana kazi za aina hii. Ni riziki, lakini ina matabaka. Anayebofya picha siku nzima hulipwa kidogo, na anayetengeneza mfumo hulipwa vizuri. Na tahadhari moja: mwajiri anayetaka kulipwa na mfanyakazi kabla ya kumpa kazi, huyo ni mwizi.

Kwa mhitimu aliye nyumbani bila uzoefu, mlango wa kwanza ulio wazi ni mafunzo ya kazini. Tume ya Utumishi wa Umma huchukua wahitimu kwa mafunzo ya mwaka mmoja katika ofisi za serikali, na Mamlaka ya TEHAMA ina mpango wake wa vijana wenye vipaji vya kidijitali, nao pia wa mwaka mmoja. Posho si kubwa, lakini mwaka huo humtoa kijana katika hali ya "sina uzoefu", na tutaona huko mbele kwamba uzoefu huo ni sharti hata la baadhi ya ufadhili wa masomo.

Mfano wa hapa kaskazini

Mtu anaweza kuuliza: Isiolo ina shehena gani? Isiolo ni mji wa mnada wa mifugo, wa barabara kuu ya kwenda Moyale, na wa ramani za mradi wa LAPSSET unaoanzia bandarini Lamu. Kila alfajiri akina mama wa hapa hupakia maziwa ya ngamia mabasini kuyapeleka Eastleigh, na hesabu za nani amedaiwa mitungi mingapi zimo vichwani mwao na katika vijitabu vilivyolowa. Hiyo ni shehena.

Upo mfano mkubwa zaidi. Mnamo Januari 2010, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, yenye makao Nairobi, pamoja na washirika wake walianzisha katika Marsabit bima ya mifugo isiyomtaka mkaguzi aende kuhesabu mizoga. Satelaiti hupima ukijani wa malisho kutoka angani, na kompyuta hulinganisha ukijani wa msimu huu na wa misimu iliyopita. Ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa kwa eneo hilo, mfugaji hulipwa bila ya kubishana na mtu.

Mpango huo ulipofika Wajir ulikumbana na swali la dini: wafugaji wetu hawakuitaka bima ya kawaida kwa sababu ya riba na ya gharari. Basi kampuni ya Takaful Insurance of Africa ikautengeneza kwa misingi ya takafuli, ambapo wachangiaji hukusanya mchango wa kusaidiana, na kampuni huusimamia kwa ujira. Wajir ilianza mwaka 2013, na Machi 2014 wafugaji wa kwanza walilipwa baada ya ukame. Baadaye huduma hiyo ilifika Isiolo pia.

Tazama ni elimu ngapi zilizokutana hapo: ya satelaiti na data, ya malisho, ya mifugo, na ya fiqhi ya miamala. Mwenye kompyuta peke yake asingeitengeneza. Wala sheikh peke yake asingeitengeneza. Kijana wa mzee wetu amezaliwa zizini, anajua majina ya malisho ya Merti na Garba Tulla, na anajua ng'ombe hufa lini baada ya nyasi kuisha. Jambo analolijua bila ya kulipia ada ndilo ambalo mhitimu wa mjini angelisomea miaka.

Halali ya mapato

Tusingekuwa waaminifu lau tungelipita jambo hili. Kamari ya simu imeenea nchini, na nyuma ya kila tovuti ya kamari wapo vijana wenye shahada kama hii, wanaolipwa vizuri. Kijana akiulizwa husema kwamba yeye hachezi, anaandika tu. Jibu letu ni kwamba mjenzi wa jumba la kamari hana tofauti kubwa na mwenye jumba, kwa sababu bila yeye halisimami. Tunawaomba wazazi walizungumze jambo hili mapema, kabla barua ya kazi haijafika na mshahara haujasomwa.

Ama kuhusu benki, kazi zake ni za namna nyingi na hukumu zake zina tafsili. Kila mtu na amuulize mwanachuoni anayemwamini kwa kazi yake mahususi. Lakini ijulikane kwamba Kenya ina benki zinazofuata sharia: Gulf African Bank na First Community Bank zilifungua milango mwaka 2008, na hii ya pili leo huitwa Premier Bank, DIB Bank ikafuata mwaka 2017. Mifumo yake haina budi kuhesabu murabaha na mudharaba pasipo kuingiza riba kwa mlango wa nyuma. Mtu anayeyajua mawili hayo, msimbo na miamala, ni adimu, na adimu huthaminiwa.

Kusoma zaidi: lini, wapi, kwa fedha ya nani

Sasa tufikie swali la mzee. Walimu tuliowauliza walikubaliana kwamba uzamili una maana kwa mtu wa aina tatu: anayetaka kusomesha au kutafiti chuo kikuu, ambako uzamili ni mwanzo na uzamivu ndio ngazi ya mhadhiri, anayetaka kuingia katika fani ambayo shahada ya kwanza huigusa kijuujuu, kama akili bandia, usalama wa mitandao au data za afya, na aliyekwisha kufanya kazi, akagundua ni elimu gani inayompungukia. Anayesoma uzamili kwa sababu hana kazi hutoka baada ya miaka miwili akiwa na vyeti viwili na swali lile lile.

Ndani ya nchi, uzamili wa kompyuta unapatikana katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Jomo Kenyatta huko Juja na Strathmore. Watu wa pwani wakiulizie kwanza Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na sisi wa Isiolo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kwa sababu kusoma karibu na nyumbani huondoa kodi na chakula katika hesabu.

Nje ya nchi kuna milango ambayo familia nyingi hazijaisikia. Kigali kuna tawi la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani, tangu 2011, linalotoa uzamili wa teknolojia ya habari na wa uhandisi, na wanafunzi wengi wa Afrika husaidiwa ada na wakfu wa Mastercard. Thuwal, kwenye ufuo wa Bahari ya Sham, kuna Chuo Kikuu cha Mfalme Abdullah kilichofunguliwa 2009, kinachojulikana kwa kuwafadhili wanafunzi wake wa uzamili na uzamivu. Abu Dhabi kuna Chuo Kikuu cha Mohamed bin Zayed cha akili bandia, kilichoanzishwa 2019. Malaysia kuna Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu, tangu 1983. Serikali ya Uturuki ina ufadhili unaolipa ada, malazi na posho, pamoja na mwaka wa kujifunza Kituruki. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah kwa miaka mingi imekuwa na ufadhili kwa Waislamu wa nchi zisizo wanachama wake, na Kenya ni mojawapo ya nchi hizo. Ujerumani kuna DAAD. Uingereza kuna Chevening, ambayo humtaka mwombaji awe na saa 2,800 za kazi, yaani kama miaka miwili. Na hapa ndipo mwaka wa mafunzo ya kazini unapoanza kulipa.

Karibu milango yote hii inataka mambo yale yale: alama nzuri katika shahada ya kwanza, barua za walimu wawili au watatu, cheti cha Kiingereza mara nyingi, na maelezo ya maandishi ya kwa nini unataka kusoma. Hili la mwisho ndilo huwaangusha wengi, kwa sababu asiye na shehena hana la kuandika. Masharti na tarehe hubadilika kila mwaka, basi kila mtu aingie katika tovuti ya chuo chenyewe, na asimlipe mtu wa kati.

Kuhusu deni, aliyesomea mkopo wa HELB akumbuke kwamba una nyongeza ya asilimia 4 kwa mwaka. Tunamshauri kila mhitimu aanze kulipa kidogo kidogo mara apatapo riziki ya kwanza, na asirundike mkopo wa uzamili juu ya ule wa kwanza. Ama kuuza mifugo iliyobaki, au kiwanja cha familia, kwa ajili ya shahada ya pili isiyo na lengo, hilo hatulioni kuwa ni jambo la busara.

Kwa ami aliye Doha tuna neno moja. Kwenda Ghuba si aibu wala si kosa. Lakini mkataba usomwe kabla ya tikiti: umetaja kazi ya kompyuta, au umesema tu "mfanyakazi"? Wakala yumo katika orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira? Tumewaona wenye shahada wakilinda milango ya maduka huko, na kila mwaka unaopita ujuzi wao unachakaa.

Na mabinti zetu

Mzee alipokuwa akizungumza, binti yake wa kidato cha nne alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza, na siku ya pili alimtuma kaka yake atuulize kama elimu hii inamfaa na yeye. Inamfaa. Kazi nyingi tulizozitaja zinafanyika nyumbani, kwa stara, na kwa malipo yale yale. Hospitali na shule zinazohudumia wanawake zinahitaji wanawake wa kuzitunzia siri zao. Mzazi anayeogopa umbali na aanze na chuo kilicho karibu. Anayekataza kwa sababu tu ni msichana, huyo tunamwomba atafakari upya.

Tulichokubaliana barazani

Wiki tatu zilipokwisha tuliketi, mzee, mkewe, kijana na sisi. Hakuna ng'ombe aliyeuzwa. Kijana amepeleka maombi ya mafunzo ya kazini ya mwaka mmoja, na anangoja jibu. Jioni hukaa na akina mama wawili wa maziwa ya ngamia, akiandika madeni yao katika programu aliyoitengeneza ifanye kazi hata mtandao ukikatika. Ameomba mwaka mmoja kabla ya kuamua kuhusu uzamili, na amesema kwamba akisoma, atasomea data za malisho na mifugo. Mama yake alitaka kujua kama huko ni mbali. Akamwambia kwamba huenda ikawa mbali kwa miaka miwili, kisha ikawa hapa hapa.

Ile programu ya mirathi nayo haikutupwa. Tuna daftari la mas'ala tuliyoyatatua kwa miaka mingi, na tumeyapitisha 40 ndani yake. Imekosea mawili. Kijana ameyarekebisha, nasi tumemwambia asiitoe kwa watu mpaka mwanachuoni mwingine aipitie, kwa sababu mali ya mayatima haijaribiwi.

Mzee alipoinuka kwenda, alikirudisha cheti katika mfuko wake wa nailoni, akakiweka kifuani, akasema: "Basi hawa wanane niwapeleke malishoni." Tukamwambia awapeleke kwa salama.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali, na awape wazazi subira ya kungoja mavuno. Na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.